Jiwe la Kufungia Beberu

Kharumwa nzima hakukuwa na beberu mkorofi kama Diwani wa Mama Wema. Aliitwa Diwani kwa ajili ya ndevu zake, na pia kwa sababu alikula popote bila kuuliza mtu. Diwani mwenyewe wa kata alipopata habari alicheka tu, akasema heri kufananishwa na beberu kuliko na kondoo. Kamba ya mnyama huyo ilifungwa kwenye jiwe la saruji lenye nondo kichwani, nyuma ya jiko. Jiwe lilikuwa limekaa pale miaka minne, mvua na samadi vikalifukia hadi nusu, na mgeni angeapa kwamba liliota hapo hapo.

Taabu yote ilianzia kwenye jiwe hilo, basi na sisi tuanzie hapo.

Jumanne moja asubuhi, Mama Wema, ambaye kwa ubatizo aliitwa Bernadina, alikuwa anakata viazi vitamu na kuvianika juu ya bati kuukuu, apate michembe ya kuuza mnadani. Mnada wa ng'ombe ulikuwa nyuma ya kiwanja chake, na kila Jumatano wachunga ng'ombe, madalali na wachimbaji wenye njaa walimaliza masinia yake matatu kabla jua halijawa kali. Akasikia hodi. Wakaingia vijana wawili, mmoja ameshika futi kamba ndefu, mwingine ameshika kopo la rangi nyekundu.

"Karibuni," alisema Bernadina. "Ila michembe bado haijakauka, njooni kesho."

"Hatutafuti michembe, mama. Tunatafuta mpaka."

Huyo mwenye kopo aliitwa Thobias, msaidizi wa upimaji kutoka halmashauri. Alivaa miwani ya jua iliyopandishwa kichwani na kizibao chenye mistari inayong'aa, akatembea uani kwa watu kama amekuja kununua. Akazunguka nyuma ya jiko. Diwani akamtazama kwa dharau. Thobias hakujali, macho yake yalikuwa kwenye jiwe. Akachuchumaa, akafuta samadi kwa kijiti, akasoma maandishi yaliyochimbwa kwenye saruji.

"K mia mbili na kumi na nane! Hii hapa, nimeipata!" alimwita mwenzake. Kisha akamgeukia Bernadina. "Mama, unafunga mbuzi kwenye bikoni, jiwe la mpaka la serikali? Huogopi?"

Bernadina alisimama na kisu mkononi. Bikoni ya serikali! Yeye siku zote aliliita jiwe la leseni.

Wakavuta kamba kutoka bikoni iliyoko kando ya barabara mpaka kwenye jiwe la Diwani. Kamba ikapita jikoni, ikakata pembe ya chumba cha kulala, ikatokea barazani na kugusa kiti alichokuwa amekalia mama mkwe wa Bernadina, Bibi Limi, na goti lake bovu. Bibi Limi akaisukuma kamba kwa mkongojo. Ikarudi. Akaisukuma tena.

"Bibi, shikamoo, lakini tuachie kamba yetu," alisema Thobias.

"Marahaba. Na wewe tuachie nyumba yetu."

Thobias hakumwachia. Alichovya brashi, akachora X kubwa kwenye ukuta wa mbele, ukuta ambao mume wa Bernadina alikuwa ameupaka chokaa Krismasi iliyopita. Rangi ikachuruzika hadi chini. Majirani walishajaa mlangoni, na mmoja alikuwa amekimbia kumwita Benjamini, mwenye nyumba, aliyeshona nguo kwenye baraza la duka huko sokoni. Alifika anahema, sentimita ya kupimia watu bado inaning'inia shingoni.

"Huu upande wote ni eneo la mnada," Thobias alimweleza, kwa sauti ambayo hata waliokuwa barabarani waliisikia. "Serikali inajenga uzio na vibanda vya kisasa. Mna siku thelathini za kubomoa."

"Na fidia?" aliuliza Bernadina.

"Fidia ya nini, mama? Wewe ni mvamizi."

Mvamizi! Mtu aliyenunua kiwanja kwa fedha ya jasho, mashahidi saba na mbuzi mmoja wa kuchinja, leo anaitwa mvamizi mbele ya majirani wanaomkopa chumvi. Bernadina alihisi masikio yanawaka moto. Akajikaza, akauliza kwa sauti ndogo, "Na kama... tuseme jiwe hilo halikuwa hapo tangu mwanzo? Tuseme kuna mtu alilihamisha?"

Thobias alicheka. "Bikoni haihamishwi. Anayeng'oa bikoni anakwenda jela. Ndiyo sheria, wala si mchezo."

Benjamini aliliangalia jiwe. Akamwangalia mkewe. Akaliangalia tena jiwe, kwa muda, kisha akakunja sentimita yake taratibu.

"Sawa," alisema. "Tumesikia."

Basi! Hakuongeza neno. Bernadina alimshangaa. Huyu ni mwanamume aliyewahi kubishana na kondakta kutoka Kahama hadi Shinyanga kwa ajili ya shilingi mia tano, leo anachorewa X ukutani na anasema tumesikia.

*

Ukweli, ambao Bernadina aliujua peke yake, au ndivyo alivyodhani, ni huu.

Miaka minne nyuma, siku ya mnada, aliporudi na masinia yake matupu alikuta jiwe la saruji limepandwa mwisho kabisa wa kiwanja, hatua thelathini nyuma ya jiko. Lina nondo, lina namba. Asiyekaa huku kwenye dhahabu angepita tu. Wa huku hapiti. Bernadina alikumbuka yaliyompata Amosi wa kijiji cha jirani. Yalianza hivyo hivyo, mawe ya saruji shambani, na miezi miwili baadaye akaja mtu na karatasi akasema ana leseni ya kuchimba dhahabu hapo. Siku hizi shamba la Amosi la mihogo lina mashimo na karasha za kusaga mawe, na Amosi mwenyewe anauza maji kwa wachimbaji.

Bernadina hakusubiri karatasi. Alfajiri alichukua jembe na mtaimbo, akachimba. Jiwe lilikuwa refu ajabu, akalipiga hadi likakatika katikati, akalivingirisha kipande cha juu mpaka nyuma ya jiko. Na shimo? Kuliacha wazi ni hasara, akapanda mche wa mpapai. Ulivyokuwa mtamu ule mpapai, hata Bibi Limi aliyekuwa na kinyongo na matunda yote isipokuwa ndizi, alikula mpaka akaomba mbegu apeleke kwao Samuye.

Sasa ndiyo akajua. Hapakuwa na leseni yoyote. Lile jiwe lilikuwa mlinzi wake, limewekwa na serikali kuuambia mnada ukomee pale, na yeye kwa mikono yake alilichukua na kulileta jikoni, na mnada nao ukalifuata jikoni. Ama kweli alijiroga mwenyewe.

*

"Serikali haitaki kelele," alisema Mzee Hozefa, akipima kitambaa cha kitenge kwa mti wa mita. "Inataka karatasi na mtu wa kusema. Fundi, Ijumaa kuna kliniki ya ardhi hapo hapo mnadani. Wanakuja maofisa wote na hema lao. Nenda."

Duka la Hozefa la vitambaa lilikuwa la babu yake, na kwenye baraza lake Benjamini alikuwa na cherehani kwa mwaka wa kumi na moja. Walikuwa wamezoeana kiasi kwamba Hozefa alijua fundi wake anapokuwa na mawazo: anashona bila kupiga mluzi. Tangu Jumanne baraza lilikuwa kimya.

"Nitakwenda kusema nini, mzee?" Benjamini alijibu bila kuinua kichwa. "Bikoni iko nyuma ya jiko. Wameipima. Imekwisha."

"Imekwisha! Mimi kiwanja hiki nimekifuatilia ofisini miaka sita mpaka nikapata hati. Miaka sita, fundi! Mke wangu Kausar alikuwa ananifungia chakula kama mtoto wa shule. Wewe hata siku moja hujaenda, unasema imekwisha?"

Bernadina alikuwa amesimama pembeni na bakuli la chakula cha mumewe. Alitaka kusema, akakumbuka jela. Nani angemlea mwanawe, Wema? Nani angemchua Bibi Limi lile goti kila jioni? Na Benjamini angemtazama vipi, akijua kwamba nyumba aliyoisimamisha tofali kwa tofali inabomoka kwa sababu ya ujanja wa mkewe?

Hapo akaja mama mmoja mnene, mwalimu wa shule ya msingi, akasalimia vizuri, kisha akaanza kuzungukazunguka maneno.

"Fundi, kile kitambaa changu cha sare ya harusi, hujakikata bado?"

"Kesho nakikata, mwalimu."

"Basi nirudishie kwanza. Si kwa ubaya. Nimesikia mnahamishwa, sasa nikasema asije akahama na kitambaa changu."

Benjamini aliinama chini ya cherehani, akatoa kitambaa, akakikunja vizuri kuliko alivyokipokea, akampa kwa mikono miwili. Mwalimu akashukuru, akaondoka. Hozefa aligeukia rafu zake akajifanya anatafuta vifungo. Bernadina aliona jinsi mumewe alivyojaribu kutunga uzi kwenye sindano, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Bibi Limi alimngoja mwanawe barazani, amekaa chini ya ile X kana kwamba ni picha yake ya ukutani.

"Baba yako alimfukuza fisi kwa mwiko wa ugali," alimwambia. "Kwa mwiko! Na wewe unafukuzwa na rangi."

"Mama, niache."

"Nikuache niende wapi? Nyumba yenyewe hatuna."

Benjamini aliingia ndani. Bernadina akabaki anatazama ule mlango. Aliumia. Mume wake alikuwa anabeba lawama zote, za mwalimu, za mama yake, za mtaa mzima, na yule aliyestahili kulaumiwa alikuwa amekaa anamenya viazi. Akatupa kisu kwenye beseni, maji yakamrukia.

"Mama," alimwambia Bibi Limi, "Ijumaa twende wote kliniki."

"Wabeja gete!" Bibi Limi akashukuru kwa Kisukuma, amefurahi. "Hili goti limenitesa sana."

Bernadina hakumsahihisha. Alihitaji mtu wa kwenda naye, hata kama ni kwa ajili ya goti.

*

Kliniki ya ardhi ilikuwa hema jeupe katikati ya uwanja wa mnada, harufu ya ng'ombe wa Jumatano ingalipo. Viti vya plastiki vilipangwa, watu wakavijaza na bahasha zao, mifuko yao ya rambo, hati za kuandika kwa mkono zilizokunjwa mpaka zikachanika kwenye mikunjo. Kwenye meza ya mbele alikaa Afisa Ardhi wa wilaya, Sesilia, mama wa makamo mwenye sauti ya upole na macho yasiyopitwa na kitu. Kando yake Thobias, na miwani yake kichwani.

Benjamini alikuja pia. Hakualikwa na mtu. Alipoona mke na mama yake wametoka na bahasha ya kiwanja aliwafuata nyuma nyuma, na sasa alikuwa anamnong'oneza mkewe, "Mama Wema, turudi nyumbani. Nakuomba, turudi."

"Kwa nini turudi?"

"Turudi tu."

"Wewe kaa."

Zamu yao ikafika. Sesilia akapokea hati yao ya manunuzi, akaisoma yote, pamoja na majina ya mashahidi na yule mbuzi.

"Hati yenu ni nzuri," alisema. "Na nisiwafiche, kwenye nakala yangu ya ramani kiwanja hiki kinaonekana kirefu zaidi ya alivyokipima kijana wangu. Lakini takwimu kamili ziko kwa kampuni iliyopima, tunazifuatilia bado. Kwa sasa mpaka unasimama kwenye bikoni. Thobias, uliiona bikoni kwa macho yako?"

"Niliishika kwa mkono, mheshimiwa. K mia mbili na kumi na nane, imezama kabisa ardhini. Mbuzi kafungwa hapo."

Watu wakacheka. Sesilia akafunga faili. "Basi, mama, labda kama una la kuongeza."

Benjamini alimshika mkewe kiwiko. Bernadina akajitoa, akasimama. Aliposema, sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia.

"Ninalo. Jiwe lile nimelihamisha mimi."

Aliyekuwa anatafuna karanga aliacha.

"Unasemaje, mama?" aliuliza Sesilia.

"Nililing'oa mimi, kwa jembe na mtaimbo, miaka minne iliyopita. Nilidhani ni la leseni, wanataka kutuchimbia dhahabu ndani ya nyumba kama walivyomfanya Amosi. Nikalikata, nikalipeleka jikoni, nikafungia mbuzi. Mume wangu hajui. Mama yangu hapa hajui. Mkifunga, mnifunge mimi, ila mpaka wetu mkaurudishe ulipokuwa. Yeye si mvamizi. Mvamizi ni jiwe."

"Ng'wana wane, mwanangu!" Bibi Limi alipiga mkongojo chini. Kisha, baada ya kufikiri, akawageukia waliokaa nyuma. "Kumbe ana nguvu hivi, na huwa ananiambia hawezi kuninyanyua!"

Hapo ndipo kicheko kilipopasuka, mpaka mtu mmoja akaanguka na kiti chake. Benjamini peke yake hakucheka. Alikuwa amefumba macho, ameshika kichwa kwa mikono miwili.

Thobias alisimama. "Mheshimiwa, anadanganya! Kila mtu mwenye X atasema hivyo hivyo. Na kama ni kweli, basi ametenda kosa la jinai."

"Kaa, Thobias." Sesilia alikuwa anamtazama Bernadina. "Mama, mtu hajisingizii jela. Lakini mimi siwezi kuhamisha mpaka kwa maneno. Ulilikata, umesema? Kipande cha chini kiko wapi?"

Hilo Bernadina hakuwahi kulifikiria. Miaka minne hakuwahi kujiuliza.

"Kipo," alisema polepole. "Kipo huko huko chini. Mpapai umekikalia."

*

Walikwenda wote. Sesilia mbele, nyuma yake wale waliokuwa bado hawajasikilizwa na bahasha zao kwapani, kwa sababu hakuna aliyekubali kupitwa na jambo kama hilo. Hozefa alifunga duka saa tano ya asubuhi, kitu ambacho Kharumwa haijaona tangu msiba wa baba yake, akaja na Kausar.

Kwanza walifukua jiwe la nyuma ya jiko. Likatoka kwa urahisi, nusu yake ni samadi tupu, na chini lilikuwa na uso uliovunjika. Wakalipandisha kwenye toroli. Hakuna aliyekumbuka kufungua kamba, kwa hiyo toroli lilipoanza kwenda, Diwani naye akaenda, anavuta huku na wao wanavuta kule, njia nzima hadi kwenye mpapai.

"Chimba," Sesilia alimwambia Thobias.

"Mimi, mheshimiwa?"

"Kwani ni nani aliyepima mpaka kutoka kwenye kamba ya mbuzi?"

Thobias akavua kizibao, akaweka miwani mfukoni, akashika jembe. Kila alipochimba Bibi Limi alimsemesha: taratibu upande huo, hapo kuna mzizi, wewe kijana hukulima kwenu? Mpapai ukayumba, ukalala, mapapai manne mabichi yakatawanyika. Bibi Limi akayahesabu hadharani ili watu wajue kwamba anayajua.

Jembe likagonga kitu. Ngo!

Thobias akapiga magoti, akaondoa udongo kwa mikono. Mizizi ilikuwa imekumbatia bonge la saruji, pande zote, na katikati yake ncha ya nondo iliyokatika. Wakalisafisha kwa maji. Sesilia mwenyewe akasaidia kushusha kile kipande cha juu kutoka kwenye toroli, wakakikalisha juu ya kile cha chini, wakakizungusha kidogo kushoto, kidogo kulia. Kikaingia. Vipande viwili vya chungu kimoja, ufa mwembamba tu katikati.

Vigelegele vilivyopigwa! Kausar alipiga kwa namna ya kwao, kina mama wa Kisukuma wakapiga kwa namna yao, Diwani naye akalia. Bernadina alikaa chini pale pale kwenye udongo, akaanza kulia na kucheka kwa pamoja.

Sesilia alitoa kitambaa akajifuta mikono, akangoja kelele zitulie.

"Mpaka wa mnada unakoma hapa," alisema. "Ile X ifutwe leo, na atakayeifuta ni aliyeichora. Thobias, chokaa utanunua mwenyewe. Sasa, mama." Uso wake ukakaza. "Kung'oa bikoni ni kosa, na ujinga wa sheria si kinga. Ningeweza kukufikisha mbali."

Bernadina akasimama, akajipangusa. Benjamini akaja akasimama kando yake, bega kwa bega.

"Lakini umekuja kujisema mwenyewe, na mimi kwenye wilaya hii nina bikoni mia na zaidi zimepotea. Nadhani sasa najua zimekwenda wapi."

Kina mama kadhaa wakaanza kutazama chini. Mmoja akajisogeza nyuma ya mwenzake.

"Utapewa onyo la maandishi. Utaleta saruji na maji, bikoni irudishwe leo leo. Na Jumatano, mnada ukijaa, utapanda pale anaposimama mnadi wa ng'ombe, utashika kipaza sauti, uwaeleze watu bikoni ni nini, ya leseni ikoje na ya kiwanja ikoje. Nitakuelekeza. Kila mwenye jiwe nyumbani alirudishe, sitamshitaki mtu. Unakubali?"

"Mbele ya mnada mzima?"

"Mzima."

"Na michembe yangu atauza nani?"

"Nitauza mimi," alisema Bibi Limi. "Goti limepona."

*

Jioni, jua likiwa bado juu ya miti, X ilikuwa imebaki wekundu kidogo tu chini ya chokaa mpya. Mwalimu alishapita na kitambaa chake, akisema amefikiri upya, na Benjamini alikipokea kwa mikono miwili kama alivyokirudisha. Sasa alikuwa amekaa na mkewe nyuma ya jiko, kando ya tundu lililoachwa na jiwe. Alikuwa anapiga mluzi.

"Baba Wema," Bernadina alianza. "Nisamehe. Nimekudhalilisha siku zote hizi na wewe hujui kitu."

Mluzi ukakoma.

"Nilikuwa najua."

"Ulikuwa unajua nini?"

"Yote. Siku ile walipoweka mawe, wewe uko mnadani, mimi nilikuwa kwenye mkutano wa kitongoji. Walitueleza vizuri kwamba ni mipaka ya viwanja. Kesho yake naamka, jembe langu limepinda na lina vumbi la saruji, na nyuma ya jiko kuna jiwe. Mimi si mtoto, Mama Wema."

Bernadina alimkodolea macho. "Na ukanyamaza?"

"Nilitaka kukuambia. Lakini ulikuwa umefurahi! Umefunga mbuzi, unaimba. Nikasema nitamwambia kesho. Na kesho yake nikasema hivyo hivyo."

"Na juzi, yule kijana alipochora X? Ungesema neno moja tu, nyumba inapona!"

Benjamini alichukua kijiti, akachorachora kwenye samadi.

"Kabla sijafungua mdomo akasema anayeng'oa anakwenda jela," alisema. "Nikapiga hesabu. Nyumba nimeshajenga moja, naweza kujenga nyingine. Nikawaza hivyo tu."

Bernadina alimwona tena pale barazani, uzi hauingii sindanoni, mwalimu anadai kitambaa, mama yake anamsimanga kwa mwiko na fisi, na yeye amefunga mdomo. Akamwona hemani amemshika kiwiko, turudi, nakuomba turudi. Kumbe hakuwa mwoga. Machozi yakamjaa, na kwa kuwa hakupenda kulia mara mbili kwa siku moja, akamsukuma mumewe begani, nusura amwangushe kwenye lile tundu.

"Miaka minne!" alisema. "Miaka minne unaniacha nifunge mbuzi kwenye mali ya serikali!"

"Nilikuwa nakaza fundo," alisema Benjamini. "Wewe mafundo yako hulegea. Kila jioni nilikuwa nakuja kukaza."